Programu Haikutuma Onyo Lolote

Shangazi wa ukurasa huu, nisaidie kabla sijavunja kitu, maana tangu Jumatatu ile nina hasira ya kupasua sahani, mume wangu ameacha kuniuliza nina nini, mtoto akilia nauma meno kwanza ndipo namnyanyua, na kila Jumamosi nikisoma barua unazoandikiwa huwa nasema hawa watu hawana ndugu wa kuzungumza nao, leo ni Jumapili nimekaa jikoni na kalamu na nimeona kwamba hata mimi sina.

Kazi yangu ni kuangalia seva na mtandao wa bohari ya dawa, ile inayogawa chanjo kwa zahanati zote za upande wetu, na nakuomba usinitaje jina. Ofisini kwetu kuna skrini kubwa ukutani yenye visanduku, kila kisanduku ni kitu kimoja, seva hii, swichi ile inayounganisha nyaya za mtandao, printa ya mapokezi, kipimajoto cha chumba baridi zinamokaa chanjo, kitu kikiwa kizima kisanduku ni cha kijani, kikiharibika kinakuwa chekundu na programu inatuma onyo kwenye simu tatu, yangu, ya mkuu wa kitengo na ya mtunza chumba baridi, na mtunza chumba baridi ndiye mjomba wangu, kaka yake mama, aliyenilea tangu darasa la tano na ndiye aliyeniambia nafasi hiyo imetangazwa.

Watu wanadhani kazi hii ni kukaa chini ya kiyoyozi na kutazama rangi, hawajui programu ile ilivyo na domo. Siku ya kwanza nilipoiwasha ilituma maonyo mia tatu na arobaini kabla ya chakula cha mchana, karatasi ikiisha kwenye printa inalia, seva ikinakili mafaili inalia kwamba imezidiwa, mtu akifungua chumba baridi achukue boksi moja inalia, na siyo kwamba nilikaa tu Shangazi, nilizifuata kelele moja moja kama mtu anayechambua mchele, kuna wiki mbili nzima seva ya stoo ilikuwa inakufa kila siku saa nne na robo na kufufuka saa nne na nusu, nikabadilisha waya, nikabadilisha swichi, nikagombana na waliotuuzia, kumbe mama wa usafi alikuwa anachomoa plagi ya ile swichi ukutani ili achomeke birika la umeme, na chai yenyewe tulikuwa tunainywa sote na kumsifu.

Mkuu wa kitengo naye, simu yake ikilia mkutanoni ananitazama kama mimi ndiye niliyepiga. "Mama Kengele," ndivyo anavyoniita mbele za watu, "hicho kitu chako hakina adabu?" Wageni wakija kutoka makao makuu anataka skrini iwe kijani tupu, na mimi nilimwambia kisanduku kilichonyamazishwa hubaki kijani siku zote, ila na alama ya kengele iliyokatwa mstari ili mtu akumbuke kuirudisha, akasema alama hiyo inaleta maswali, iondoe, nikaiondoa. Hilo ni kosa la kwanza na nusu yake ni ya kwake.

La pili ni langu lote. Jumatano moja fundi wa majokofu alikuja kutengeneza komeo la mlango wa chumba baridi, akawa anafungua na kufunga, anafungua na kufunga, simu yangu inaruka mezani, ya mkuu inaruka huko aliko, akanipigia akafoka, "Izibe mdomo hiyo!" na mimi kwa hasira nikanyamazisha maonyo yote ya chumba baridi. Ukinyamazisha, programu inakuuliza mambo mawili tu, mpaka lini na kwa sababu gani. Mpaka lini nikaacha wazi, na ukiacha wazi maana yake ni milele. Kwa sababu gani nikaandika kwa herufi kubwa, KELELE. Fundi alimaliza baada ya saa mbili akaenda zake, mimi nikaenda kula, na sikurudi kuifungua siku hiyo wala kesho yake wala keshokutwa, na skrini ilikuwa kijani, nikaiamini, mimi niliyeondoa ile alama kwa mkono wangu mwenyewe nikaiamini.

Jumamosi yake saa nane mchana mashine ya kupoza ikazimika. Hakuna simu iliyolia. Jumapili nzima hakuna simu iliyolia. Jumatatu saa moja asubuhi Mjomba akafungua mlango akapigwa na joto usoni, simu yake haina salio, ofisi yetu ya juu hufunguliwa saa tatu, basi akaanza kubeba, maboksi ya katikati ambayo yalikuwa bado na ubaridi akayakimbiza kwenye friji ya maabara ng'ambo ya ua, peke yake, mtu wa miaka hamsini na tisa, saa mbili nzima mlango ukiwa wazi kwa sababu mikono yake ilikuwa imejaa. Aliokoa maboksi kumi na moja ndipo akapanda ngazi kutuambia, na koti lake la buluu la kazi lilikuwa limelowa mgongo wote.

Alinigeukia mimi kwanza, siyo mkuu. "Mwanangu, mashine yako ilisema nini?" Nikamjibu, "Haikusema kitu, Mjomba." Mkuu alikuwa amesimama mlangoni, akalisikia jibu hilo, nikamwona uso unamfunguka.

Mchana akaniita kwake akafunga mlango. "Andika hivi," akasema, "programu haikutuma onyo lolote. Huo ni uongo?" Nikasema si uongo. "Basi andika, tia sahihi." Nikaandika nikatia sahihi, na Shangazi naapa sikujua karatasi ile inakwenda wapi, au niseme nilijua lakini sikutaka kujua. Barua aliyoandikiwa Mjomba inasema, kwa kuwa programu haikutuma onyo lolote, ni dhahiri chumba kilikuwa na ubaridi wake hadi Jumatatu asubuhi, na aliyeharibu chanjo ni mtunza chumba aliyeacha mlango wazi kwa saa mbili. Amesimamishwa. Miaka ishirini na tisa ya kazi, amebakiza miezi minane astaafu, na kama kamati ya nidhamu ikimpata na kosa ataondoka kwa kufukuzwa, kama mwizi.

Na usisahau kwamba zamani alikuwa anasoma kipimajoto kwa macho yake, asubuhi na jioni, hata Jumapili, anaandika kwenye daftari lenye jalada jekundu. Mwaka jana nilisimama kikaoni nikasema daftari ni mambo ya kale, programu haisahau. Wakalifuta, wakamwambia Jumapili apumzike, na yeye akanipigia makofi pamoja na wengine.

Wiki ile nilimpeleka mwanangu wa miezi tisa kwenye zahanati ya mtaani kwetu, foleni imefika barabarani, muuguzi akatoka akasema chanjo hakuna, rudini mwezi ujao. Mama mmoja nyuma yangu akasema, "Mwezi ujao nani atanipa tena ruhusa kazini?" na wengine wakaanza kumtukana huyo mtu wa bohari aliyeacha mlango wazi, maana habari ilishawafikia, na mimi nimesimama katikati yao na mtoto mgongoni sikufungua mdomo.

Sasa kinachonila ni hiki. Programu hata ikinyamazishwa inaendelea kuandika joto ndani kwa ndani kila baada ya dakika tano, kwa hiyo ndani yake kuna mstari unaoonyesha chumba kikipanda joto tangu Jumamosi saa nane, na kuna kumbukumbu ya nani alinyamazisha, siku gani, saa ngapi, jina langu na lile neno langu. Lakini diski ni ndogo, tuliipangia itunze kila hitilafu na kumbukumbu zake zote kwa siku thelathini tu tangu ianze, zikipita inafuta yenyewe. Leo ni siku ya ishirini na mbili. Jumatatu, siyo ya kesho, ile ya pili, zitakuwa zimefutika, na kamati itakaa Jumatano yake. Kila asubuhi naingia, nautazama ule mstari, nafunga, nanyanyuka. Sijafuta kitu. Nangoja tu. Mume wangu anasema mwenzako ana miezi minane, wewe una miaka ishirini na tano mbele yako, tulia.

Jana nilikwenda kumwona Mjomba. Alikuwa anapiga pasi koti la buluu, la kazi asiyoiendea, akanipa kiti kile kizuri, akaniuliza kama mtoto ameshachanjwa. Nikasema bado. Akaweka pasi chini akasema, "Unajua, mwanangu, huenda kweli ni mimi. Labda Ijumaa nilifunga vibaya. Uzee huu." Shangazi, ameanza kuwaamini! Nilimkasirikia karibu nimpigie kelele, mtu hajui hata kujitetea. Halafu akachukua gazeti, maana kila Jumamosi hulinunua saa tatu asubuhi akitoka kwa kinyozi, akanisomea ukurasa wako kwa sauti kama kawaida yake, akacheka mpaka akakohoa.

Niambie kosa ni la nani, la programu inayobwabwaja kutwa kisha siku ya siku ikanyamaza, la mkuu, la fundi na komeo lake, au la waliotupa diski ndogo. Na tafadhali usiniambie niseme ukweli, hilo hata mimi naweza kujiambia bure. Niambie nitatokaje hapa na kazi yangu mkononi.

Ni mimi,
Aliyechoka na Kelele


SHANGAZI ANAJIBU

Pole. Ishike vizuri hiyo, kwa sababu leo sina nyingine.

Mimi kompyuta naijua kwa kuiwasha na kuipiga kofi ikikwama, kwa hiyo barua yako nilimpelekea fundi wa mitambo wa hapa gazetini, mwanamke mpole ambaye miaka yote sijamsikia akitukana. Alipofika pale uliposema "mpaka lini nikaacha wazi," akatukana. Kisha akaniambia, "Hata mimi nimewahi." Kwa hiyo sikugombezi kwa Jumatano ile. Kidole kiliteleza, kichwa kilikuwa kimechemka, na anayefanya kazi ndiye anayekosea. Ninakugombeza kwa siku ishirini na mbili, kila asubuhi umeingia ofisini, ukautazama ushahidi wa kosa lako, ukafunga, ukaenda kunywa chai.

Unaniuliza kosa ni la nani kana kwamba mnagawana nyama na unaogopa kupewa utumbo. Programu? Programu ilifanya kazi yake kwa uaminifu kuliko nyote, mliiziba mdomo na bado iliendelea kuandika. Fundi wa majokofu alitengeneza komeo, hayo ndiyo aliyoitiwa. Mkuu wako ni mwoga anayependa rangi ya kijani, na fungu lake analo, nitalifikia. Lakini yeye alikuwa hana kitu mkononi mpaka ulipompa sentensi moja yenye sahihi yako. "Huo ni uongo?" Ndiyo, mwanangu, huo ni uongo, tena ni ule mbaya, unaotengenezwa kwa maneno ya kweli. Mtu akimfunga jirani kitambaa mdomoni, kisha akaenda kwa polisi kusema jirani hakupiga yowe, utamwita mkweli huyo?

Fundi wetu ameniuliza swali moja ambalo naona hata wewe ulishajiuliza. Umesema mlango ukifunguliwa tu, hata kwa boksi moja, programu inalia. Jumatatu ile mlango ulikuwa wazi saa mbili. Mbona haikulia? Kamati inamhukumu Mjomba wako kwa mlango uliokuwa wazi na kwa programu iliyokuwa kimya, na vitu hivyo viwili haviwezi kukaa chumba kimoja ila kama programu ilikuwa imezibwa. Mtu yeyote anayeijua kazi hiyo angeliona hilo kwa dakika moja. Pale kwenu anayeijua ni mmoja, naye amekaa jikoni anaandikia magazeti.

Na hukujiuliza kwa nini kamati imepangwa Jumatano, siku mbili tu baada ya kumbukumbu kufutika? Labda ni bahati mbaya. Mimi nimeishi miaka mingi na wakubwa wa vitengo, siamini.

Jambo lingine ndilo lililonitoa jasho. Nimeisoma barua yako kwa kidole, mstari kwa mstari, na hakuna mahali uliposema umekifungua mdomo kile chumba. Chanjo mpya zikiletwa zinaingia mle mle. Kama mpaka leo bado hujaigusa ile amri kwa kuogopa kuacha alama, basi mashine ikizimika tena hakuna atakayejua, na safari hii hakuna Mjomba wa kubeba maboksi. Mtoto wako yumo kwenye foleni hiyo. Unasubiri nini wewe?

Sasa sikiliza. Leo ni siku ya ishirini na nane. Nenda kazini leo hii, hata kama ni Jumamosi, mwambie mlinzi una dharura, na hutakuwa umemdanganya. Kwanza kabisa toa nakala ya kumbukumbu zote, joto tangu Jumamosi ile mpaka Jumatatu, na ile yenye jina lako na KELELE yako. Zichape kwenye karatasi hata zikimaliza rimu, na nyingine uihifadhi nje ya mashine hiyo. Usifute chochote. Jina lako likitoka humo, utetezi wa Mjomba unatoka nalo. Ukishanakili, ondoa ile amri ya kunyamazisha na ukae hapo mpaka uone onyo linaingia kwenye simu yako. Fungua mlango mwenyewe, ilie, uisikie.

Halafu andika karatasi ya pili. Nakuandikia mimi, wewe unakili: "Programu haikutuma onyo lolote kwa sababu mimi niliizuia, na hapa ndipo inapoonekana." Chini yake eleza simu ya mkuu, eleza ile alama aliyokuamuru uiondoe, eleza aliyekwambia uandike na mlango ukiwa umefungwa. Yaseme kama yalivyotokea, usiyatie chumvi na usijifanye mtoto. Hiyo usimpitishie mkuu. Impe mwenyekiti wa kamati mkononi, nakala kwa mkuu wa mkuu wako, na Mjomba naye apewe yake aje nayo Jumatano.

Utapoteza kazi? Huenda. Sitakupaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Huenda ukapewa onyo, huenda ukafukuzwa. Mumeo amepiga hesabu ya miaka ishirini na tano iliyo mbele yako, hesabu yake ni sahihi kabisa, ila amesahau kuuliza utaishi na nani humo ndani. Ufundi wako utakwenda nao popote. Yule mzee jina lake analo moja tu, na ameshaanza kulitilia shaka mwenyewe. Barua yako yote niliisoma kwa hasira, lakini nilipofika kwenye "labda Ijumaa nilifunga vibaya" niliiweka chini nikaenda kunawa uso.

Wakikubakiza kazini, fundi wetu anasema hivi. Hakuna kunyamazisha bila saa ya mwisho, programu ikatae kabisa kama umeacha wazi. Ile alama irudi kwenye skrini, na anayetaka kijani tupu apake ukuta rangi. Maonyo ya karatasi za printa yasiende kwenye simu ya mtu, simu ilie kwa jambo la kumnyanyua mtu kitini tu, mkizoea kelele hata moto mtauita kelele. Na mimi naongeza la kwangu, lile daftari jekundu lirudi, na wewe ndiye utakayesimama kikaoni kuliomba.

Lakini hayo yote yanakuja baada ya safari moja. Umeniomba nisitaje jina lako, sikulitaja. Mengine yote nimeyachapa kama ulivyoyaandika, Mama Kengele, maboksi kumi na moja, koti la buluu, kinyozi. Sikupunguza neno. Magazeti yako mengi na washauri tuko wengi, wewe ukachagua kuuandikia ukurasa ambao mzee mmoja huusoma kwa sauti, na jana yake tu ulikuwa umekaa mbele yake ukimsikiliza. Hukutaka nikufiche. Ulitaka mtu amwambie kwa niaba yako.

Sitamwambia mimi. Akikuuliza tena mashine yako ilisema nini, mjibu kwamba ilitaka kusema, wewe ukaizuia. Kwa kinyozi hutoka saa tatu. Mtangulie.